Ng'ombe Aliyekatwa Pichani

Jumanne, 14 Oktoba

Kurt kaniibia mashine tena. Nimeshuka chumba cha kufulia na kikapu changu, nakuta suruali zake zinazunguka kwenye mashine ya kukaushia ya pembeni, ile pekee isiyotoa nguo mbichi. Yeye mwenyewe kakaa kwenye kiti cha plastiki kama sultani. Nikamwambia, Myahudi mchuuzi wa ng'ombe, toa chupi zako. Akanijibu, mpagazi, subiri zamu yako, halafu nibebee kikapu mpaka ghorofa ya tisa. Nikambebea. Huwa nambebea. Ana miaka tisini na kitu na magoti yake yanalia kama mlango wa stoo.

Naandika hili nisije nikasahau uzeeni, maana uzee wenyewe umeshafika. Kurt ni mtani wangu. Nilimfanya mtani siku ya matanga ya mkewe. Watu wamekaa kwenye viti vifupi, vioo vimefunikwa mashuka, ndiyo desturi yao, hakuna anayethubutu kukohoa. Kwetu Tabora mtani angeshaingia na kofia ya marehemu kichwani, anaigiza mwendo wake, anatukana ukoo mzima mpaka wafiwa wacheke. Kisha huyohuyo anashika jembe na kuchimba kaburi. Hapa hakuna kitu kama hicho. Nikaona mzee wa watu atapasuka. Nikamsogelea nikamwambia, supu ya mkeo ilikuwa maji ya kuoshea vyombo, na bado alikuwa na akili kuliko wewe. Halafu Kurt akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Basi, tangu hapo. Sisi Wanyamwezi tuna watani nchi nzima. Mimi nimeongeza Wayahudi wa mtaa huu wa Bathurst. Kabila la mtu mmoja.

Leo kasema kuna mwanamke anakuja kutoka Ujerumani, kwenye kamji alikozaliwa Kurt. Wanafungua jumba la makumbusho. Wanataka habari za baba yake. Kurt anajifanya hajali. Kanyoa ndevu ndipo akaja kuniambia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kanionyesha picha. Miaka yote hii ya kutukanana sikuwahi kuiona. Baba yake kasimama uwanja wa mnada. Koti refu, buti, fimbo kwapani, mkono wa kulia uko shingoni mwa ng'ombe. Ng'ombe wa maana. Mweupe mwenye mabaka, kiwele kimejaa, anatazama mpiga picha kwa dharau. Nikamwambia Kurt, baba yako sura hana, lakini kwa ng'ombe huyu kwetu ningepewa mke na mama mkwe angehama kijiji.

Hana picha nyingine. Wayahudi walipoanza kusakwa, wazazi walimpandisha treni ya watoto kwenda Uingereza, wao wakabaki. Anajua walikopelekwa. Haelezi. Siulizi.

Jina la ng'ombe limempotea. Anasikia sauti ya baba yake akimwita jioni arudi zizini, lakini jina lenyewe haliji. Linamtesa kuliko magoti.

Kitu kimoja nimekipenda. Anasema kule mnadani Wayahudi walihesabu kwa Kiebrania kilichochanganywa na Kijerumani cha shamba, na wakulima Wakristo nao wakajifunza kuhesabu hivyohivyo, wakagombania bei kwa hesabu hiyo, wakapigana viganja, biashara ikaisha. Hakuna aliyeona ajabu. Kama sisi na sita, saba, tisa za Waarabu. Nani anazishangaa? Nani anaziwekea kioo na taa? Kijerumani cha baba yake kilikuwa hicho. Kina mavi ya ng'ombe ndani, kina Kiebrania ndani, na kinatembea.

Jumamosi, 18 Oktoba

Balaa.

Jumamosi ni siku ya lifti ya wacha Mungu. Lifti moja inajiendesha yenyewe na kusimama kila ghorofa, ili Wayahudi washika dini wasibonyeze kitufe siku yao ya mapumziko. Kurt dini aliiacha zamani, anakula soseji ya nguruwe mchana kweupe. Lakini lifti ile anaipenda. Tunapanda nayo juu, tunashuka nayo chini, tunachungulia kila korido nani kapika nini. Burudani yetu.

Leo kampandisha na mgeni wake. Bibie anaitwa Ulrike. Kaja asubuhi. Skafu nzuri, viatu vya mtu anayetembea kwa hiari. Mimi nikaingilia ghorofa ya nne. Nikafanya kama siku zote. Nikapaza sauti: "Lo! Nasikia harufu ya zizi, kumbe Myahudi yumo humu!"

Kurt akasema, "Nyamaza, mpagazi."

Bibie akageuka rangi ya maziwa. Akauweka mwili wake kati yangu na Kurt. Anamkinga. Anamkinga na mimi! Mimi ninayemkata kucha za miguu! Kurt akajaribu kueleza, lakini alikuwa anacheka, na anayecheka haeleweki. Ghorofa ya saba milango ikafunguka, akaingia mama mmoja na wanawe, wametoka sinagogi. Akamkuta bibie anatamka neno "chuki" huku ananitazama. Nilitamani lifti ile angalau siku moja isisimame.

Jumapili, 19 Oktoba

Meneja wa jengo kapelekewa habari za lifti, kampigia Vero, binti yangu. Vero ni nesi, alikuwa kazini. Karudi na viatu vya kazini mpaka sebuleni.

"Baba, hapa si Tabora. Unataka tufukuzwe?"

Nikamwambia huo ni utani. Akasema nani hapa anajua utani? Nina hasira mpaka chai imenikera.

Baadaye nimekwenda ghorofa ya saba kumwomba radhi yule mama. Wanawe walisikia mzee wasiyemjua anatajwa kwa chuki, wakaogopa, na wao si watani wangu. Nilimweleza habari za kofia ya marehemu na kaburi. Alisikiliza mlango ukiwa nusu wazi. Ila hakuufunga.

Bibie simwombi radhi. Ng'o.

Jumatano, 22 Oktoba

Kurt kaniita nikae kwake wakati bibie anamhoji. Nikakaa kwenye kona kama paka. Niliapa sitafungua mdomo. Nilikaribia kuumeza ulimi.

Anauliza kwa Kiingereza, nami nielewe, kwa sauti ya kanisani. Je, nyumbani kwenu mlipiga fidla? Hapana. Je, kulikuwa na nyimbo za jadi? Baba alikuwa akiimba akilewa. Je, unaweza kunieleza utajiri wa utamaduni wenu? Kurt akamwambia, baba yangu alikuwa anaamka kabla ya jogoo anakwenda kununua ng'ombe, anarudi ananuka, mama anamfokea avue buti. Bibie akaandika kidogo sana. Fidla angeandika ukurasa.

Alipoondoka Kurt akapandwa na hasira, akanieleza. Kumbe Kijerumani kina neno fupi la Myahudi. Jude. Pumzi moja. Bibie analizunguka kama mbuzi anavyozunguka dimbwi. Mara "mwenye imani ya Kiyahudi". Mara "mwenye asili ya Kiyahudi". Mara "raia wenzetu wa Kiyahudi". Si kwamba ana roho mbaya. Analiogopa. Wauaji walilipigia kelele barabarani, wakaliandika kwenye milango, na masikioni mwake bado ni tusi.

"Lilikuwa neno letu," Kurt akasema. "Wakalinyakua wakalipaka mavi. Hawa wastaarabu, badala ya kulisafisha waturudishie, wamewaachia wauaji."

Na hilo "raia mwenzetu" ndilo linamchoma zaidi. Mkulima wa jirani aliitwa raia, basi. Baba yake Kurt, aliyepigana vita vyao vya kwanza na kurudi na nishani, ndiye anaitwa raia mwenzetu. Nani unamkaribisha ndani akiwa kwake? Yule unayemwona mgeni.

Amekubali picha inakiliwe, kwa sharti moja. Chini yake paandikwe: Myahudi, mchuuzi wa ng'ombe. Bibie kaitikia kwa kichwa. Anapita miji mingine kuhoji wazee wengine, kisha atarudi afanye kahafla humu ukumbini, halafu mabango yote yenye picha za wazee yaende Ujerumani.

Kile kichwa chake kilivyoitikia sikukipenda.

Ijumaa, 31 Oktoba

WAMEMKATA NG'OMBE.

Bango limetumwa kwenye kompyuta ya Kurt atazame kabla halijachapwa. Baba yake yupo, amekatwa kiunoni, nyuma yake wamefifisha. Mkono wa kulia umeishia kwenye kiwiko. Ng'ombe hayupo. Chini wameandika, Kurt kanisomea: "Raia mwenzetu wa Kiyahudi, mfanyabiashara aliyeheshimika, aliyeurutubisha utamaduni wa mji wetu."

Kuurutubisha! Hapo kidogo wangemtaja ng'ombe.

Kurt akapiga simu. Bibie akaeleza taratibu, Kurt ananitafsiria. Enzi zile za uovu, wachuuzi wa ng'ombe wa Kiyahudi walichorwa magazetini kama wanyonyaji wa wakulima. Mtazamaji akiona Myahudi na ng'ombe anaweza kukumbuka zile katuni. Kamati imeona tumlinde marehemu.

Tumlinde. Na ng'ombe wake mwenyewe.

Kurt kaweka simu chini akasema kwa Kiingereza, polepole, "Walimuua kwa sababu alikuwa vile. Hawa wanamwonea aibu kwa sababu alikuwa vile." Halafu akaenda kulala. Mchana.

Jumatatu, 3 Novemba

Hasira imenifanya nifagie chumba chote, Vero akadhani naumwa.

Babu yangu alibeba mizigo ya Wajerumani. Wakamwandika mpagazi. Alikuwa mfuga nyuki, alikuwa mganga wa mifupa, alikuwa na kesi tatu za wake za watu. Walipoangalia waliona bega tu. Kwa hiyo najua mtu anavyopunguzwa na maandishi. Lakini wale wa babu yangu angalau walikuwa washenzi waziwazi. Hawa wanakupunguza huku wanakubembeleza. Utamrukiaje mtu anayelia machozi?

Nimekwenda kwa Kurt kumwambia akatae bango lisitoke. Kanijibu liende tu. Amechoka. Afadhali baba mwenye nusu mkono kuliko kutokuwepo kabisa. Nikamwita mwoga. Halikuwa la utani hilo, lilitoka kavu, na wote wawili tulilisikia. Akaniambia toka. Nikatoka.

Jumanne, 4 Novemba

Chumba cha kufulia. Mashine ya pembeni tupu. Nikaitumia. Nguo zimekauka vibaya.

Alhamisi, 6 Novemba

Meneja kasema nisihudhurie hafla ya Jumapili, kwa amani ya wote. Kwa amani ya wote! Miaka mingi naishi jengo hili, sijavunja hata balbu.

Vero kasema heri hivyo, tukae tuangalie mpira.

Jioni simu. Kurt. Hakusalimia. "Mpagazi, unasema mtani ndiye anayezika."

"Ndiyo."

"Jumapili wanamzika baba yangu mara ya pili. Utakuja au utaangalia mpira?"

Akakata. Yule mzee ana adabu mbaya. Nimefurahi mpaka nimekula mara mbili.

Jumapili, 9 Novemba

Theluji ya kwanza. Nimevaa suti ya harusi ya Vero.

Nilipita mlango wa takataka. Ukumbini kulikuwa na viti vya kukunjwa, wakazi wa jengo, Wajerumani wachache wanaoishi mjini, keki, na kijana anapiga fidla. Fidla ilipatikana hatimaye. Kurt kakaa mbele peke yake, picha yake halisi iko magotini. Nikasimama nyuma. Meneja akaniona, akaanza kuja.

Bibie akafunua bango. Kubwa, taa inaliangaza. Akasoma. Raia mwenzetu wa Kiyahudi. Machozi yakamlenga, watu wakainamisha vichwa. Kurt naye akainamisha chake. Nilimwona akizika mke, hakukiinamisha vile.

Hapo sikufikiri. Mtani hafikiri, anaona pengo anaingia. Nikampita meneja, nikaenda mbele. Nikashika meza ya keki, nikashuka, goti moja, la pili, viganja sakafuni. Kando ya bango. Palepale mkono wa baba yake ulipokatiwa. Nikalia. Si mlio wa watoto wa shule. Ule wa ng'ombe aliyetenganishwa na ndama wake, unaoanzia tumboni. Nikalia tena.

Fidla ikanyamaza. Mtu akasema Mungu wangu. Niliviona viatu vya meneja, vimesimama, havijui viende wapi.

Halafu nikasikia fimbo. Kurt kainuka. Kaja mwendo wake wa magoti mabovu, taratibu, ukumbi mzima unangoja. Akaniwekea mkono shingoni. Mkono wa baridi. Akawageukia, akasema maneno kwa Kijerumani, kifupi. Mimi nilishika moja tu. Jude. Hakulipigia kelele wala hakulinong'oneza. Alilisema kama mtu anayesema fundi, au mjomba. Kisha akarudia kwa Kiingereza, tusiojua tujue.

"Huyu ni baba yangu. Myahudi. Mchuuzi wa ng'ombe. Na huyu hapa ndiye ng'ombe mliyemwacha nje."

Aliyecheka wa kwanza ni yule mama wa ghorofa ya saba. Alicheka huku amejiziba mdomo, wanawe wakafuata, ukumbi ukapasuka. Kurt akaniinamia: "Inuka, unanifedhehesha." Sikuweza. Magoti yaligoma. Waliniinua meneja upande mmoja na Ulrike upande mwingine.

Jumatatu, 10 Novemba

Vero kasikia kila kitu. Safari hii hakufoka, ndiyo mbaya zaidi. Kakaa kitandani kwangu.

"Baba. Mzee mweusi mwenye mvi. Umepiga magoti mbele ya Wazungu, umelia kama ng'ombe."

Limeniuma. Maana nami nililifikiria nikiwa pale chini, nisidanganye. Nikamwambia kwetu ng'ombe si tusi. Na sikupiga magoti mbele yao. Nilisimama kwa miguu minne kando ya rafiki yangu. Kaniangalia sana. Kisha kanipaka dawa ya magoti, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 14 Novemba

Bibie kagonga mlango. Anasafiri kesho. Nilimwacha asimame kidogo.

Anasema amelelewa kutolitamka neno lile. Bibi yake mzaa mama alilitamka sana, jikoni, kwa sauti ambayo mpaka leo anaisikia. Kwa hiyo kila akitaka kulisema, anasikia bibi yake anasema ndani ya kinywa chake. Nikamwambia, basi bibi yako bado anatawala. Akaanza kulia. Nikamwambia hapa kwangu machozi hayapunguzi kitu, Kurt hana haja nayo. Mrudishe ng'ombe.

Hasira haijanitoka. Lakini nilimpa chai. Hakuweka sukari. Watu hawa wanajitesa bila sababu.

Jumamosi, 22 Novemba

Magoti yana nafuu. Lifti ya wacha Mungu, mimi na Kurt.

Bango jipya limefika jana. Ng'ombe karudi, mzima, na dharau zake. Mkono wa baba yake umefika ulikokuwa unakwenda. Chini wameandika mchuuzi wa ng'ombe. Lakini juu bado ni raia mwenzetu wa Kiyahudi. Kamati ndiyo iliyokataa kulibadili. Bibie aligombana nao, akashindwa. Kurt kamjibu kwamba ataendelea kuwaandikia mpaka afe, na akifa ataendeleza mpagazi wake. Hakuniuliza.

Ghorofa ya pili hakuna mtu. Ya tatu, mtu anakaanga samaki. Ya tano milango ikafunguka, korido tupu, harufu ya vitunguu.

Kurt akasema, "Liesel."

Nikadhani anamwita mtu. Nikachungulia koridoni. Akalisema tena, kwa sauti isiyo yake, nzito, ya chinichini, ya mtu aliyesimama mlango wa zizi jioni anaita na hana haraka. Liesel. Anasema lilianza kumjia tangu nilipolia pale chini, limekuwa likisogea kidogo kidogo, leo limefika.

Nilikuwa na tusi tayari. Nimeliacha.

Milango ikajifunga. Tukapanda mpaka juu, tukashuka mpaka chini, na kila ilipofunguka alikuwa analiita.